Siku Nane na Kopo la Supu

Siku ya kwanza, Alhamisi. Pittsburgh

Binamu yangu alinipokea uwanja wa ndege akiwa na koti la ziada mkononi. Alishajua nimekuja na sweta la Lushoto tu. "Makopo uliyofunga safari kuja kuyaona," akasema tukiwa kwenye gari, "yamejaa hapo supamaketi. Ungeniambia nikupigie picha."

Kazi yangu ni lebo. Nilianza na brashi, Tanga, nikichora kuta za maduka: chupa za soda, sabuni, kichwa cha mteja wa kinyozi ambaye kila mtu alisema anafanana na mtu mwingine. Sasa nakaa mbele ya kompyuta na kuchora lebo za pilipili, asali, siagi ya karanga, unga wa lishe. Miaka ishirini na mitatu. Nikimaliza, kitu kinapangwa rafuni, mtu ananunua, anakula, kopo linakwenda jalalani. Sijawahi kumwona mtu akisimama mbele ya kazi yangu, mikono nyuma, kichwa kimeinama kidogo, kama wanavyofanya kwenye makumbusho. Nimekuja Marekani kuwaona watu wanaosimama hivyo mbele ya lebo: makopo ya supu ya Campbell's, aliyoyachora msanii Andy Warhol yakaishia makumbusho.

Shemeji alikuwa amepika pilau. Nilikula nikalala, saa bado ziko za nyumbani.

Siku ya pili, Ijumaa. Pittsburgh

Andy Warhol alizaliwa mji huu tarehe 6 Agosti 1928, mtoto wa wahamiaji Warusini (si Warusi, ni watu wa milima ya Karpati) kutoka kijiji cha Miková, ambacho leo kiko Slovakia. Daraja tunalovuka kwenda kwenye makumbusho yake limepewa jina lake tangu 2005. Ni la chuma, limepakwa rangi ya njano. Makumbusho yenyewe yalifunguliwa 1994, ghorofa saba. Unapanda lifti hadi juu kabisa, kwenye utoto wake, halafu unashuka ngazi pamoja na umri wake.

Huko juu ndiko nilikokaa kuliko kote, jambo ambalo sikulitegemea. Kabla ya makopo, Warhol alikuwa mtu wa kazi kama yangu. Alimaliza chuo hapa hapa Pittsburgh 1949, akaenda New York, na kwa miaka kumi na kitu akachora viatu vya matangazo, kadi, majalada. Alikuwa na mbinu yake: anachora mstari kwa wino, na kabla haujakauka anagandamiza karatasi nyingine juu yake, mstari unatoka umekatika-katika, una madoadoa. Wateja waliupenda. Maandishi ya mapambo aliyaandika mama yake, Julia, aliyemfuata New York 1952. Kiingereza kilikuwa kinampa taabu yule mama, herufi nyingine aliziruka, na mwanawe aliyaacha makosa yalivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mwandiko wake kwenye jalada la santuri moja ulipewa tuzo na chama cha wasanifu wa picha cha Marekani. Cheti hakikuandikwa Julia Warhola. Kiliandikwa "Mama wa Andy Warhol".

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Kwetu nusu ya wanawake huitwa hivyo, mama fulani, na ni heshima. Lakini kwenye cheti cha kazi?

Huyu Julia alikuwa pia akikata makopo matupu na kuyafanya maua ya bati, akiyauza nyumba kwa nyumba wakati wa dhiki. Kwa hiyo kopo lilishakuwa pambo katika ile familia kabla mtoto hajashika brashi. Kinachonishangaza ni kwamba watu bado hueleza makopo ya Warhol kana kwamba yalianguka kutoka mbinguni mwaka 1962.

Ghorofa chache chini nikayakuta maboksi. Yanaonekana ni maboksi ya dukani: ketchapu ya Heinz, ambayo ni kampuni ya papa hapa Pittsburgh, matunda ya Del Monte, na Brillo, vile vipande vya waya vyenye sabuni vya kusugulia masufuria. Ukisogea unaona si karatasi. Ni plaiwudi iliyopigwa rangi, kisha ikaprintiwa pande zote kwa skrini, ile fremu ya kitambaa cha wavu kinachopitisha wino. Aprili 1964 aliyapanga kwa mamia katika ukumbi wa Stable Gallery, New York, wageni wakawa wanapita katikati kama wako stoo. Mwanafalsafa Arthur Danto aliingia humo akatoka na swali lililomshughulisha maisha yake yote: ikiwa boksi hili na lile la dukani kwa macho hayatofautiani, kwa nini moja ni sanaa na jingine ni boksi?

Mimi swali langu ni dogo zaidi. Nani alichora boksi?

Alichora James Harvey. Alikuwa mchoraji wa picha dhahania, mwenye maonyesho yake, lakini kodi ya nyumba ilitoka kwenye kazi ya vifungashio. Ile nyekundu inayopinda kama wimbi, ule weupe unaopita kati kama mto, bluu ya herufi, vyote ni vyake. Inasimuliwa kwamba siku ya ufunguzi alikuwepo ukumbini, akayaona maboksi yake yamesimama pale yakiuzwa kwa mamia ya dola, wakati yale ya kwake watu waliyatupa bure. Mwaka uliofuata Harvey akafariki, akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu.

Nilisimama pale na mikono nyuma. Kijana mmoja pembeni yangu alimwambia mwenzake kwamba zile rangi zinafanya kazi vizuri sana. Ni kweli. Nikataka kumwambia jina la mtu.

Chini kabisa kuna karakana ambako mgeni anaweza kujaribu kuprinti kwa skrini. Nilipanga foleni na watoto wa shule. Dada anayefundisha akanipa fremu na ile raba ya kusukumia wino, akaanza kunieleza namna ya kuinamisha mkono. Nikavuta mara moja, wino ukashuka sawia. Akaniangalia. "Umewahi?" Nikamwambia fulana za kampeni, uchaguzi nne.

Tofauti yetu na Warhol ni hii. Mimi rangi ya pili ikihama milimita mbili kutoka kwenye mstari, mteja anarudisha mzigo wote. Yeye aliiacha ihame. Kwenye picha zake za Marilyn Monroe, mwigizaji wa filamu, rangi ya midomo inakaa pembeni ya midomo, bluu ya jicho inamwagika shavuni. Kwa hilo, jicho la mtu wa kawaida, lililokuwa likipita juu ya kitu kilichoprintiwa kama maji juu ya jani la mgomba, likakwama. Likaona kuna wino, kuna tabaka, kuna mkono. Kosa ambalo sisi hulificha ndilo aliloliuza.

Siku ya tatu, Jumamosi. Bethel Park

Tumepanda treni ya mjini hadi Washington Junction, kisha kilima kwa miguu. Makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Yohane Mbatizaji, la Wakatoliki wa Kibizanti. Warhol alifariki New York tarehe 22 Februari 1987, akarudishwa kuzikwa hapa karibu na wazazi wake. Jiwe ni la kawaida tu. Kuizunguka miguu ya jiwe, makopo ya supu, yameachwa na wageni.

Tangu 2013 kuna kamera inayoonyesha kaburi saa zote kwenye intaneti. Binamu akampigia shemeji simu, akafungua ukurasa, akatuona tumesimama. "Wewe mwenye koti la mume wangu, sogea, umeziba kopo!"

Makopo mengine yalikuwa na siku kadhaa, mengine na miezi. Niliyatazama kwa jicho la kazi. Jua linapopiga lebo, nyekundu ndiyo hufa kwanza. Kopo moja lilikuwa limebaki na herufi nyeusi na kivuli cha rangi ya waridi, mwili wote mweupe. Nilimweleza binamu, akasema hata makaburini naleta habari za kiwandani.

Siku ya nne, Jumapili. Njiani

Treni kwenda Philadelphia, zaidi ya saa saba. Milima, majani mekundu na ya machungwa, pinda kubwa karibu na Altoona ambapo unaona kichwa cha treni yako mwenyewe dirishani. Nililala sana. Aliyekaa jirani alikuwa akila biskuti na kwa mara ya kwanza niliutazama ule mfuko wake kwa muda mrefu hadi akanikaribisha.

Siku ya tano, Jumatatu. Philadelphia

Mbele ya jumba la halmashauri ya jiji limesimama kibanio cha nguo. Cha chuma, mita 13 na kitu kwenda juu, kazi ya Claes Oldenburg ya mwaka 1976. Watu wanaingia na kutoka kwenye treni ya chini ya ardhi miguuni pake bila kukitazama, na hiyo naichukulia kuwa ni sifa: kimerudi kuwa kitu cha kila siku.

Mimi nilikizunguka mara tatu. Kibanio nakijua tangu utotoni, nilitumwa kuvileta uani kila asubuhi, na sikujua kina kiuno. Nusu mbili zimekumbatiana, na waya ndio mkono unaozishika zisiachane. Oldenburg mwenyewe alikilinganisha na sanamu ya Brancusi ya watu wawili wanaobusiana, iliyopo katika makumbusho ya jiji hili hili. Waya wa springi unasomeka 76, mwaka wa sherehe ya miaka mia mbili ya uhuru wao. Hakuongeza kitu chochote kwenye umbo. Alikuza tu, na ukubwa ukakulazimisha kuona kwamba kuna mtu aliwahi kukaa chini akafikiri: mbao mbili, waya mmoja, nguvu kiasi gani ili shati lisianguke na lisichanike.

Dakika chache kwa miguu iko LOVE ya Robert Indiana, herufi nne katika mraba, O imelala. Hii nayo ni hadithi ya lebo, ila imegeuzwa. Ilitoka kwanza kama kadi ya Krismasi ya MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, 1965. Ikawa stempu ya senti nane mwaka 1973, zikachapishwa zaidi ya milioni 300. Ikawa vikombe, fulana, vishikio vya funguo, kila mtu akauza, kwa sababu Indiana hakuwa ameilinda kisheria. Akaonekana ni msanii wa vikombe vya zawadi, na hela ya vikombe hakuipata. Sanamu ya hapa Philadelphia ililetwa 1976 kwa zile sherehe, ikaondolewa 1978, watu wakalalamika, tajiri mmoja wa jiji akainunua kwa dola 35,000 ikarudishwa. Foleni ya kupiga picha ilikuwa ya watu kama kumi na tano. Bibi harusi mmoja, gauni limeshikwa na dada zake lisiguse sakafu.

Basi Harvey alichukuliwa na sanaa, Indiana akachukuliwa na biashara. Huu mlango hufunguka pande zote mbili, na kila upande kuna mtu anayebanwa vidole.

Alasiri nilitembea hadi mtaa wa Spring Garden kulitazama jengo moja la matofali, la ghorofa sita, makazi ya wazee. Guild House, la miaka ya mwanzo ya 1960, kazi ya msanifu majengo Robert Venturi na wenzake. Juu ya mlango jina la jengo limeandikwa kwa herufi kubwa kama za duka. Awali kileleni palikuwa na antena ya televisheni ya rangi ya dhahabu, kama ishara tu, kwa kuwa wazee hutazama televisheni. Wasanifu majengo wa enzi ile walitaka jengo lijieleze kwa umbo lake, si kwa kibao. Venturi na mkewe Denise Scott Brown wakasema: barabarani, vibao ndivyo vinavyozungumza na watu, hebu tuvisome. Mwaka 1972, pamoja na Steven Izenour, wakatoa kitabu kizima kuhusu taa na mabango ya Las Vegas, na hawakuficha deni lao kwa wasanii wa pop, yaani hawa kina Warhol waliochora vitu vya dukani na vya matangazo. Scott Brown alizaliwa Nkana, Zambia ya leo, akakulia Johannesburg.

Kwa mtu aliyechora kuta za maduka, kusikia profesa akisema ukuta uliochorwa ni usanifu wa majengo, inatosha kwa siku moja. Miguu iliniuma. Nilikula mkate wa nyama na jibini wa hapa, mtamu, mzito kama kosa.

Siku ya sita, Jumanne. Camden, kisha New York

Treni inavuka mto Delaware kwa daraja na baada ya muda mfupi uko Camden, New Jersey, nyumbani kwa Campbell's. Nilitaka kuona matangi ya maji ya kiwanda cha zamani, yaliyokuwa yamepakwa rangi kama makopo ya supu. Nimechelewa zaidi ya miaka thelathini: kiwanda na matangi vilibomolewa 1991. Nikasimama ng'ambo ya mto kwa upepo nikanywa chai.

Lebo yenyewe ni ya 1898. Ofisa mmoja wa kampuni, Herberton Williams, alikwenda kutazama mpira wa Kimarekani, timu ya Chuo Kikuu cha Cornell, akapenda jezi zao nyekundu na nyeupe. Baadaye ikaongezwa nishani ya dhahabu waliyopata katika maonyesho ya Paris ya 1900. Kwa hiyo hata ule urembo uliotundikwa makumbusho ulitoka uwanjani, migongoni mwa wachezaji.

Kampuni ilifanya nini ilipoona kopo lake ukutani? Mwaka 1964 meneja wa masoko alimwandikia Warhol barua ya pongezi, akamtumia supu ya nyanya. Baada ya hapo wakazinduka kabisa: wakatoa gauni la karatasi lililoprintiwa makopo, unalipata kwa kutuma dola moja na lebo mbili. Na mwaka 2012, kutimiza miaka hamsini, wakauza kwenye duka la Target supu halisi yenye lebo za rangi za Warhol, bluu, waridi, machungwa. Kopo likaiga picha iliyoiga kopo. Ningetamani kujua nani alipewa kazi ile. Ningeichukua hata kwa nusu bei.

Siku ya saba, Jumatano. New York

MoMA, mtaa wa 53. Nimefika kabla hawajafungua.

Makopo ya Warhol yako 32, kila kitambaa sentimita 51 kwa 41, kila kimoja ladha yake, kwa sababu ladha za Campbell's zilikuwa 32. Mwaka 1962 mwenye Ferus Gallery ya Los Angeles, Irving Blum, aliyapanga juu ya ubao mwembamba ukutani kama rafu ya duka. Jirani yake mwenye ukumbi mwingine akapanga makopo halisi dirishani kuwakejeli, akitangaza bei poa. Blum aliuza machache kwa dola mia mia, kisha akabadili mawazo, akayachukua tena kutoka kwa wanunuzi wake, akamlipa Warhol dola 1,000 kwa awamu kwa yote 32. Makumbusho iliyapata 1996.

Kwa picha za simu utadhani yameprintiwa. Hayajaprintiwa. Yamechorwa kwa mkono, skrini alianza kuitumia baadaye mwaka ule ule. Niliweka pua karibu hadi mlinzi akakohoa. Yale maua madogo ya chini yamegongwa kwa muhuri, na mengine yamekaa upande. Nishani ya dhahabu, ambayo kwenye kopo la kweli ina watu na maandishi, kwake ni duara tupu, bapa. Aliichoka! Namwelewa. Kila fundi wa lebo anaijua ile nishani ya mteja isiyosomeka kwa ukubwa wa shilingi, na mteja hakubali itoke. Kopo la jibini lina utepe wa njano wa kusema ni jipya na linafaa kuwa mchuzi. Hapo nikacheka peke yangu, maana neno "jipya" ndilo neno nililoliandika mara nyingi kuliko jina langu.

Niliwahesabu watu. Wengi walikaa chini ya dakika moja, wakapiga picha. Mama mmoja mzee alikwenda kopo kwa kopo akisoma ladha kwa sauti, na kwenye moja akamwambia mjukuu, "Hii ilikuwa ya Jumapili." Akaenda ya pili. Yule alikuwa anasoma lebo jinsi lebo inavyotaka kusomwa.

Niseme pia jambo linalopunguza sifa za pop, kwa haki. Jumba hili lilianza kuonyesha vitu vya matumizi zamani. Mwaka 1934 waliweka springi, gololi, na propela kwenye vibweta kama vinyago. Lakini walichagua kile kilicho safi, kilichonyooka, kisicho na maneno. Miaka ya 1950 wakaendelea na maonyesho ya usanifu mzuri, viti na vyombo vya kufundishia watu ladha. Ketchapu haikualikwa. Sabuni haikualikwa. Pop iliingia na vile ambavyo kamati isingevipitisha, vyenye herufi kubwa, nyota, na "jipya", na tangu hapo mtu wa kawaida hakuhitaji ruhusa ili aipende rangi ya boksi jikoni kwake.

Roy Lichtenstein, mchoraji mwingine wa pop, yuko hapo pia, na picha yake ya msichana anayeinua mpira, 1961, aliyetolewa kwenye tangazo la hoteli ya milimani Pennsylvania. Vile vidoti ambavyo sisi watu wa uchapaji hutumia ili rangi moja ionekane mbili, yeye alivipaka vikubwa hadi mtoto anaviona. Siri ya kazi, nje nje.

Nikiwa hotelini usiku nikaikumbuka kanga ya bibi. Kwenye pindo yake palikuwa pameprintiwa herufi K.H.E. na "Mali ya Abdulla", alama ya ile biashara kongwe ya Mombasa, na bibi alikuwa haikubali kanga isiyo nayo. Nilitaka kuandika kwamba sisi tulijua kuweka jina tangu zamani. Lakini Abdulla ni mwenye mali. Aliyechora zile korosho na yale maua naye sijui ni nani.

Siku ya nane, Alhamisi. New York, kurudi

Asubuhi nimekwenda mtaa wa 47 Mashariki, namba 231, ilipokuwa karakana ya Warhol, kuta zake zimefunikwa karatasi ya fedha. Jengo lilishabomolewa. Hakuna cha kuona.

Times Square nilikaa nusu saa kwa ajili ya James Rosenquist, naye mchoraji wa pop, ambaye miaka ya 1950 alikuwa juu ya majukwaa hapa akipaka mabango ya matangazo. Alisimama karibu sana na tambi za ukubwa wa gari, akaona zinageuka rangi tupu, na hicho ndicho alichokuja kukichora. Leo mabango yote ni skrini za umeme. Chini, ndani ya stesheni, iko picha ndefu ya Lichtenstein, mita kama 16, iliyowekwa 2002 baada ya yeye kufariki. Nauli ya treni tu, unaitazama unavyotaka.

Kisha nikaingia duka la kona, nikanunua kopo moja la supu ya nyanya. Lebo wameigusa tena 2021, herufi zimelainishwa, lakini nyekundu ni ile ile. Nikaliweka kwenye begi la mkononi, mtu mzima na miaka yangu, nikasahau kwamba supu ni maji.

Afisa wa ukaguzi akalitoa, akalishika juu. "Hili halipiti." Nikamwomba dakika moja. Nikatafuta kiungio kwa ukucha, mahali gundi ilipo, nikaibandua lebo taratibu bila kuichana, foleni nyuma yangu ikigugumia. Nikampa kopo la bati tupu linalong'aa, zito, lisilo na jina. Akalitazama kidogo, akalitupa kwenye pipa.

Nimeichomeka kwenye daftari hili. Kwenye ile sehemu inayofichwa na gundi kuna viraba vidogo vya rangi, safu moja, ambavyo mwendesha mashine huviweka ili ajue wino umekaa sawa.